Udongo wa Kibumba kwenye viti vya Muzee

Jumamosi. Tangu asubuhi mawingu yamelala juu ya mtaa wetu wa Keshero, mvua inatishia na hainyeshi. Mikono yangu bado inanuka sabuni. Ncha za vidole zimechubuka, hata kuandika kwenye simu kunauma.

Wacha nianze na kosa lenyewe, nisije nikalizunguka.

Jumatano nilichukua gari la baba mkwe wangu bila ruhusa.

Muzee alikuwa amevuka ziwa kwenda Bukavu kwenye matanga ya dada yake. Miaka yote ya kazi aliendesha magari ya watu wengine. Hili dogo, la zamani, ndilo la kwake peke yake. Ndani viti vyake ni vya simili, ile plastiki laini inayoiga ngozi, rangi ya maziwa. Linakwenda kanisani, hospitali na kwenye ndoa. Basi. Mwaka jana nilimwomba nikalete viazi vya mama yangu kutoka Kibumba, akanijibu bila kuinua macho: "Motokari hii haibebake viazi."

Lakini ni yeye aliyenifundisha kuendesha, kwa gari hilohilo. Na kila anaposafiri ananiachia ufunguo, niwashe moteri kila siku ya pili ili batri isife. Mume wangu, mwana wake wa kumzaa, anayefanya kazi Kisangani, hajawahi kuachiwa. Mimi niliaminiwa. Ndiyo maana nikijitetea naona haya.

Jumatano saa tatu asubuhi mama alipiga simu, anaongea kwa sauti ya chini kama mtu aliye kanisani. Majirani wanafunga mizigo. Risasi zinasikika upande wa juu tangu alfajiri. Wenye pikipiki hawataki tena kupanda kule. Halafu mtandao ukakatika. Nilipiga mara sita. Hakuna.

Nilikuwa na simu mkononi, na Muzee alikuwa na simu yake Bukavu. Sikumpigia, kwa sababu nilijua atajibu nini.

Barabara ya Rutshuru ilikuwa imejaa watu wanaoshuka, magodoro vichwani, mbuzi kwenye kamba. Mimi peke yangu nilikuwa napanda. Mvua ilikuwa kubwa. Nilimkuta mama ameketi mlangoni, amefunga kitambaa kichwani vizuri kama anangojea misa, na pembeni yake jembe, kuku wawili waliofungwa miguu, na gunia la viazi.

"Mama, acha viazi, twende!"

"Hizi si za kula," akasema. "Ni mbegu. Nikiziacha, nitarudi kupanda nini?"

Sikuwa na muda wa kubishana. Kofre, buti ya gari, ilikwama, haikufunguka, basi gunia lilipanda kwenye kiti cha nyuma, na kuku chini. Njiani tulimpakia mama mmoja tusiyemjua na watoto wake wawili. Walikuwa pekupeku, matope hadi magotini. Hakuna aliyefuta miguu. Hakuna aliyefikiria kufuta miguu.

Tulifika salama. Nilifunika gari kwa turubai lake, nikaingia ndani. Alhamisi na Ijumaa nilikwenda kufundisha shuleni Majengo kama kawaida, na udongo ukabaki mle ndani unakauka.

Leo saa mbili asubuhi nilifungua milango yote minne. Harufu ya kuku ikanipiga. Udongo wa Kibumba ni mweusi na unanata. Ulikuwa umeingia kwenye vile vijistari vidogo vya simili, kwenye mishono, kwenye vitufe vya dirisha. Nyuma ya viti vya mbele kulikuwa na nyayo za watoto, zinahesabika vidole.

Muzee alikuwa ameniambia meli yake itafika saa kumi.

Nilianza vibaya. Hofu haina akili. Nilimimina javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo, kwenye kitambaa nikasugua mlango wa nyuma kwa nguvu zote. Udongo ulitoka, ndiyo, lakini na ile rangi ya maziwa ikaanza kutoka nao. Ikabaki doa jeupe kama chokaa, kavu, ukubwa wa kiganja. Nilitamani kulia.

Jirani yetu Asumani, fundi wa kushona viti vya magari, alikuwa ananitazama juu ya ua. "Mwalimu! Unaua simili! Javeli inaikausha, kesho itapasuka."

Ndiye aliyenieleza. Kwanza burashi kavu, utoe vumbi lote, maana ukilowesha vumbi unatengeneza matope upya. Kisha maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, burashi laini, unasugua kwa kuzungusha, sehemu ndogondogo, na unafuta mara moja kabla maji hayajaingia kwenye mishono. Mahali sugu, bikarbonati ya jikoni na matone ya maji. Mishono, mswaki. "Na usiharakishe," akamalizia. Kuniambia hivyo leo!

Lakini ilifanya kazi. Kiti kimoja, saa nzima. Maji ya beseni yalikuwa meusi, namwaga, nachota mengine. Kila pikipiki iliyopita barabarani ilinisimamisha moyo.

Mama alitoka na kiti kidogo, akakunja mikono ya blauzi. "Leta kitambaa. Udongo ni wangu."

Nilikataa. Kisha nikasema kitu ambacho nimekuwa nikikisikia kichwani tangu mchana.

"Mama, Muzee akiuliza, sema ulikuja na moto." Ndivyo tunavyoita pikipiki za abiria.

Alinitazama kidogo. Alichukua kiti chake, akaingia ndani.

Muzee hakuja saa kumi. Alikuja saa saba kasoro, kwa kano rapide, ile mashua ya kasi, mfuko begani, macho mekundu ya matanga. Nilikuwa nimemaliza dakika chache tu zilizopita. Milango ilikuwa wazi, viti vinakauka, vinang'aa kama sahani.

Alisimama. Alizunguka gari taratibu. Aligusa kiti cha mbele kwa mgongo wa mkono.

"Ulinisafishia motokari?"

Nikasema, "Ndiyo, Papa. Nilitaka ukute iko safi."

Sentensi hiyo nilikuwa nimeipanga tangu jana. Ilitoka bila kukwama.

Sikuwa nimepanga uso wake. Muzee alinishika kichwa kwa mikono miwili, kama mtoto. Alisema tangu mke wake afariki hakuna mtu aliyeligusa gari hilo kwa mapenzi. Alisema amezika dada, na Mungu amemuonyesha kwamba bado ana binti.

Doa la javeli hakuliona.

Tulikaa kula, bugali na sambaza, dagaa wa ziwani. Kabla ya kula aliomba, na katika sala alinitaja kwa jina, akamshukuru Mungu kwa ajili ya mikono yangu. Mikono hiyo ilikuwa chini ya meza.

Kisha akamgeukia mama kwa heshima yote, akamwita kama wazazi wa mke na wa mume wanavyoitana kwetu. "Bamwana, pole na ya kule. Ulifika na nini, na njia ilikuwa mbaya hivi?"

Mama yangu aliwahi kuniacha nje ya nyumba tangu asubuhi hadi jioni nilipokuwa na miaka minane, kwa sababu nilimdanganya kuhusu yai moja. Sijawahi kumsikia akisema uongo. Hata mdogo, hata wa adabu.

Alitazama sahani yake.

"Na moto, bamwana."

Niliweka mikono yangu juu ya meza.

"Papa, si kweli," nikasema. "Ni mimi nilienda kumuleta. Na motokari yako. Jumatano, siku ya tatu."

Aliweka bugali chini. "Mulikuwa wangapi ndani?"

"Sisi wawili, na mama mumoja na watoto wake wawili. Na kuku. Na gunia ya viazi."

Alinawa mikono, akatoka. Nilisikia mlango wa gari ukifungwa. Nilingoja, kisha nikamfuata, nikasimama kando ya dirisha. Alikuwa ameketi nyuma, si mbele anapokaa siku zote. Kidole chake kilikuwa kwenye lile doa jeupe.

"Kwa nini hukunipigia simu?"

"Ungekataa, Papa."

Alilisugua doa kwa kidole.

"Ndiyo," akasema. "Ningekataa. Na bamwana angebaki kule." Alitikisa kichwa, kama mtu anayesikia habari mbaya juu yake mwenyewe. Nikadhani imekwisha. Nikaanza hata kupumua.

"Motokari ni chuma. Viti vinaoshwa," akasema. "Lakini uliniacha nikamushukuru Mungu juu ya uongo. Mbele ya mama yako. Ulikuwa unanisikia, na ulinyamaza."

Alinyoosha mkono nje ya dirisha.

"Leta funguo."

Nilimpa.

Aliporudi ndani hakunitazama. Alimwambia mama kwamba mbegu zisiwekwe chini kwenye sima, yaani saruji, zitaoza. Chumba cha nyuma kina mbao, wazipange pale. Wakaenda pamoja kulibeba gunia, wazee wawili, kila mmoja upande wake. Mimi nilibaki na vyombo. Tangu hapo Muzee hajanisemesha.

Jioni hii nilimfuata mama jikoni, nikapiga magoti, nikamwomba msamaha. Alikuwa anachambua maharage. Nilimuuliza kwa nini alikubali kusema vile, yeye, mama yangu.

"Mimi ni mugeni hapa," akasema, mikono yake haikusimama. "Mugeni anasema ile mwenye nyumba anataka."

Nilimtoa mama Kibumba kwenye mvua na risasi, nikamleta chini ya paa langu, na siku ya nne nikamfanya mgeni.

Kesho ni Jumapili. Kabla ya kanisa nitampigia mume wangu, aisikie habari hii kwa kinywa changu. Kwa Muzee nitaomba msamaha, bila kutaja risasi, bila kutaja mvua, kwa sababu hizo ni sababu za kuchukua gari. Si sababu za kudanganya. Kisha nitanyamaza, nimwachie muda wake.

Ila kuna swali moja ambalo hakuna aliyeniuliza leo, na najiuliza mwenyewe. Kama mama asingelazimika kusema uongo kwa ajili yangu, ningesema ukweli? Au ningekula sambaza yangu, nikaitikia amina, na kesho nikaketi kwenye kiti kile safi kwenda kanisani?

Naogopa kwamba jibu ninalijua.