Uso wa Mama Kwenye Tovuti

Jumamosi, 1 Machi 2003

Nimerudi sasa hivi kutoka soko la Tengeru. Nimekutana na Mama Marta. Mama yangu! Tuliyemzika Januari, hapa hapa Akheri, kwenye migomba.

Gari la kampuni ya safari ya Sylvanus, aliyekuwa bosi wangu, lilisimama karibu na wauza ndizi. Akashuka Mzungu, na mwanamke mtu mzima kajifunga kitenge. Dereva akanitambua, akageuza uso. Mzungu akamtambulisha kwangu kwa furaha — huyu ndiye Mama Marta wa kwenye website, amenikaangia kahawa kwa mikono yake mwenyewe! Nikamsalimia yule mama kwa Kimeru. Hakuelewa. Akaninong'oneza kwa Kiswahili, "Naitwa Hedwiga, mwanangu. Wa Nduruma. Nisamehe."

Nisamehe! Nduruma kwenyewe hakuna hata mbuni mmoja wa kahawa.

Jumatano, 5 Machi 2003

Nimekwenda mjini kwa Sylvanus. Katoka kanisani, majivu bado kwenye paji la uso. Sikumwamkia.

"Mdogo wangu Tabea, kaa."

Nikasimama. "Ulikuja msibani, kaka. Ulikula chakula chetu."

"Nilikuja, na pole bado natoa. Lakini wageni wanamtaka Mama Marta. Nikiwaambia amefariki wanakwenda kwa jirani. Lile jina sasa ni la biashara."

La biashara! Nani alilifanya la biashara? Yeye alitaka picha za Land Rover na twiga. Kila kampuni Arusha ina twiga — nani atasoma? Mimi ndiye niliyemweka mama kwenye website: jiko lake, moshi, mama akimfukuza paka aliyeiba maziwa. Kila wiki kipande kipya, ili mtu arudi kuona yaliyoendelea. Wakarudi. Wakaanza kumsalimia kwenye kitabu cha wageni cha website, wakamwuliza habari za mguu wake. Ndipo wakauliza bei ya safari. Mtu akishampenda mama, safari anainunua bila kubembelezwa. Sylvanus akaongeza magari. Mama akafa. Mwezi haujaisha, akaniachisha kazi — eti website imeshakomaa, haihitaji mwandishi.

Atanitambua.

Alhamisi, 6 Machi 2003

Intaneti kafe kwa Lemburis. Nimejaribu neno la siri la zamani — limekubali! Wala hajabadilisha. Na anwani yenyewe ya website niliiandikisha mimi, kwa barua pepe yangu. Sylvanus hajui hata kwamba anwani ina mwenyewe.

Lemburis akasema, futa yote, umalize kazi. Hapana. Kufuta ni kumhurumia. Picha ya mama nimeiacha pale pale juu. Chini yake nimeandika kwa Kiingereza: Huyu ni mama yangu. Alifariki Januari. Mwanamke mtakayeletewa si yeye, na mwenye kampuni anajua. Kisha nikatoa barua pepe ya ofisi, nikaweka yangu.

Nimekula chipsi mayai. Tamu!

Jumatatu, 10 Machi 2003

Sylvanus kapiga simu. Kwanza matusi, halafu polisi, halafu "mdogo wangu." Kundi la Wajerumani limevunja safari. Nikamwambia awapelekee twiga. Nikakata.

Jioni akaja Hedwiga, kwa miguu kutoka barabarani, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Ameachishwa kazi. Akasema alikuwa akiona aibu kila alipoitwa Marta, lakini ana wajukuu. Nikamsikiliza nimesimama mlangoni. Sikumkaribisha hata chai. Mama angenipiga kofi. Lakini mama hayupo — si ndiyo kisa chenyewe?

Ijumaa, 14 Machi 2003

Kile kihesabio cha wageni chini ya ukurasa kinakimbia kama kimelogwa. Watu wa website nyingine wameweka kiungo cha kuja kwangu, wanaambiana huko na huko: someni hii. Miaka mitatu ya kahawa na paka haikuvuta watu namna hii. Hasira inavuta kuliko mama!

Nilidhani wataandika kumlaani Sylvanus. Wachache wamemlaani. Wengi wanauliza: tunaweza kuja kwako? Waholanzi wawili, mtu na mkewe, wanataka kukaa jikoni kwa mama na kuliona kaburi. Wanaomba bei.

Nimewajibu. Nimetaja bei. Juu kidogo ya ile ya Sylvanus.

Jumamosi, 22 Machi 2003

Jana nimepita ofisi ya Sylvanus. Magari yote yamelala uani, yananyeshewa. Nilitegemea moyo utapoa. Haukupoa. Nataka ayauze.

Waholanzi wanakuja leo. Nimefagia jiko, nimewasha moto. Emmanuel, kaka yangu wa kuzaliwa, hajaniongelesha tangu asubuhi. Sasa hivi kapita na panga, nikadhani anakwenda kukata majani ya ng'ombe. Kumbe kakata migomba miwili, kailaza kwenye njia ya kaburini, kasimama nyuma yake.

"Kaka, ni wageni tu."

"Mama si twiga, Tabea."

"Wanakuja kuuona ukweli!"

"Wanalipa?"

Nimeingia ndani. Naandika nimekalia kigoda cha jikoni. Gari linapanda kilima, nalisikia — limesimama. Mlango. Mwanamke anacheka, anasema kwa Kiingereza ni pazuri kuliko kwenye picha, anaomba kupigwa picha na yule mwenye panga. Emmanuel ananiita. Si kwa ukali. Ananiita kwa Kimeru, polepole, kama alivyoniita siku ile ya mazishi niende tukashike jeneza.

Wageni nao wanaita.