Kinyaa Tulichokipeleka Kinole

Shoga yangu Zuhura,

Jumamosi iliyopita niliwekewa togwa yenye mrija. Togwa, ile ile uliyolelewa nayo kwa mama yako mkubwa, imetiwa kwenye glasi yenye mpini, juu wamechomeka jani la mnanaa kama vile ni ua la bibi harusi. Kabla sijaigusa akaja binti aliyevishwa kaniki, mkononi ana kata ya kibuyu. Akachota, akaonja yeye kwanza, akapiga goti, ndipo akanimiminia. Meza nzima ikanyanyua simu. Mwenye mgahawa alikuwa amesimama nyuma yangu, amefunga mikono kifuani, akaninong'oneza: "Umeona hiyo? Mila. Watu wa Dar wanaifuata hapa kila wikiendi. Utaniandikia kidogo gazetini, au siyo?"

Mwenye mgahawa ni Getruda. Ndiyo, Getruda wetu.

Niliisukuma glasi kando kwa kinyaa, togwa haijafika mdomoni. Wewe unajua kwa nini. Wanaosoma barua hii hapa gazetini hawajui, na nimeamua wajue.

Kwanza nikukumbushe tulivyokuwa, maana si yote yalikuwa machafu. Tulikuwa wanne: wewe wa maabara, mimi mwalimu mwenye mdomo na safu ya gazeti, Getruda wa benki, na Shabani muuza vipuri, ambaye tulimpenda yeye na gari lake kwa kiwango kimoja. Kila Jumamosi mmoja wetu alikuwa na zamu. Mwenye zamu anachagua mahali, anaagiza chakula na kinywaji kwa niaba ya wote, na wengine wanakula bila kuuliza. Sheria aliitunga Shabani siku ya kwanza kabisa: "Zamu haijadiliwi. Ukiletewa mawe, tafuna."

Zamu yangu niliwapeleka Mji Mpya asubuhi kunywa supu ya makongoro, na wewe ulilitazama bakuli kwa jicho la kazini ukasema, "Kunyweni tu, minyoo yenu nitaiona Jumatatu." Zamu ya Shabani ilikuwa mbuzi wa Kihonda. Alikuwa haagizi akiwa amekaa. Anakwenda mwenyewe dirishani kuchagua ubavu, na pale lazima agombane na mchomaji. "Huyu mbuzi alikufa kwa uzee au kwa huzuni?" "Bosi, ukitaka mbichi zaidi nenda kamzae mwenyewe." Ulicheka mpaka soda ikakutoka puani. Zamu ya Getruda daima ilikuwa kuku na chipsi, kwenye viti vyeupe. Na zamu yako ilikuwa ile tuliyoingoja bila kukuambia, kwa sababu wewe ulijua vibanda ambavyo havina hata jina: yule mama wa nyuma ya soko mwenye wali wa nazi na dagaa, yule mzee wa kahawa na kashata, ule mwamba kando ya mto juu ya Kigurunyembe ambako tulikula mananasi kwa kisu kimoja huku tumetumbukiza miguu majini.

Mji huo wa Morogoro, Zuhura, sasa unatia kinyaa. Nakuambia kama mtu aliyekaa ndani yake wakati wewe umeondoka. Wametandika majani ya plastiki katika mji ambao majani halisi yanaota hata juu ya paa. Wamefunga bembea zenye maua ya dukani, watu wazima wanapanga foleni kukalia. Kuna sehemu moja, sitaitaja, wamejenga ukuta mrefu na juu ya ukuta wamechora milima ya Uluguru ili wateja wapige picha. Nyuma ya ukuta huo ipo milima ya Uluguru. Wameiziba! Na chakula kinapoa wakati kinapigwa picha, kisha kinaachwa nusu, kwa sababu njaa haikuwa sababu ya mtu yeyote kuja pale.

Ningeweza kuendelea hivi kurasa kumi. Unanifahamu, kufoka ndiyo kazi yangu. Nimewafokea madiwani, nimewafokea maprofesa wa Mzumbe, wachungaji na mashehe, na wengine wamenijibu na nikawafokea tena. Lakini kuna siku moja ambayo sijawahi kuiandikia hata mstari, na miaka minne imepita.

Ilikuwa zamu yako. Ulituambia garini, "Leo hakuna meza. Leo nawapeleka kwetu, Kinole." Tukapita Bigwa, tukapita Kiroka, tukaanza kupanda. Ulikuwa umeketi mbele na hukunyamaza hata dakika moja. Kila mkarafuu, kila mti wa mdalasini ulikuwa na hadithi yake. Sijawahi kukuona na furaha ile. Nadhani ulikuwa umejizuia kwa miaka kutuleta pale, ukitupima kwanza.

Mama mkubwa alikuwa amejiandaa kwa wiki nzima. Kimea cha togwa alikiotesha mwenyewe. Aliwachinjia jogoo watu asiowajua, akachemsha magimbi na ndizi, akatandika mikeka mipya chini ya kivuli cha migomba. Tulimwamkia, akaitikia, "Marahaba, wanangu. Nimewasikia sana mdomoni mwa huyu. Leo nawaona." Kisha akachota togwa kwa kata, akanywa funda moja mbele yetu, akamnyooshea Getruda kwa mikono miwili.

Ulitueleza haraka, kwa sababu uliona uso wa Getruda: "Anaonja kwanza ili mgeni ajue hakuna baya ndani. Ni heshima."

Getruda akafungua mkoba. Akatoa kitambaa cha karatasi, kile chenye unyevunyevu na harufu ya limau, akaifuta kata ukingo wote, polepole, kama anafuta kipimajoto. Akaitazama. Akampa Shabani bila kunywa. "Samahani, mama, tumbo langu leo si zuri." Shabani akasema, "Getu, hiyo ni ya kunywa, si ya kuogea," akacheka peke yake, akanusa, naye akaipitisha. Ikanifikia mimi.

Mwezi ule ule nilikuwa nimeandika makala ya kuwasema watu wanaodharau vyakula vya kwao. Niliwaita watumwa waliojifunga minyororo wenyewe. Walimu wenzangu waliikata na kuibandika ubaoni. Mimi, Zuhura, niliipokea ile kata kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa kwa adabu zote, nikalowesha midomo, nikasema, "Tamu sana, mama." Alipogeuka kumtazama jogoo chunguni, niliimwaga kwenye shina la mgomba.

Ulikuwa unaniangalia. Macho yetu yalikutana, na mimi ndiye niliyeyakwepesha.

Kwa nini nilimwaga? Nimejiuliza kwa miaka. Si wadudu. Wewe uliyeishi kwa kutazama wadudu kwenye darubini ulikuwa umeinywa na kulamba midomo. Nilimwaga kwa sababu Getruda alikuwa ananitazama pia, na nilitaka aone kwamba na mimi nimetoka huko, nimeshavuka. Ndiyo hiyo tu.

Tungeishia hapo pengine tungepona. Lakini tulipoteremka, Getruda akasema, "Mimi nina njaa, bwana," na Shabani akasimamisha gari kwenye baa moja ya barabarani. Chipsi kuku zikaja, bia zikaja, soda zikaja. Wewe hukushuka. Nilikuletea soda dirishani, ukasema, "Sina kiu." Nikarudi mezani nikala. Na Getruda, mdomo umejaa, akasimama akajifunga mtandio kiunoni, akachukua glasi, akaonja kwa mbwembwe, akajikunja mgongo kama kikongwe akamnyooshea Shabani: "Nimewasikia sana, wanangu, leo nawaona!" Meza ya jirani wakacheka, watu wasiotufahamu kabisa. Shabani akacheka. Nami nikacheka. Nilicheka kwa sauti, mkono juu ya meza, machozi yananitoka, na niliponyanyua kichwa ulikuwa umeshafungua mlango wa gari na unapanda bodaboda.

Hukurudi kwenye zamu. Tuliambiana una kazi nyingi. Baadaye tukasikia umeomba uhamisho, baadaye namba yako ikawa haipatikani. Tuliendelea kula, watatu, kisha wawili, kisha ikafa yenyewe.

Kwa hiyo Jumamosi, pale kwa Getruda, nilipotazama lile igizo la binti wa kaniki, niliona nimepata adui wangu. Nilisimama. Nilimuuliza mbele ya wateja wake, "Getu, hii umeitoa wapi?"

"Si kule kwa yule bibi, Kinole! Niliona mapema, pale pana biashara."

"Uliifuta ile kata kwa karatasi."

Hakushtuka hata kidogo. Akanivuta kiti, akakaa karibu nami, akasema kwa sauti ya chini kabisa: "Niliifuta. Na wewe ulimwaga. Unadhani sikuona? Mimi angalau nilimwambia mama wa watu sinywi. Wewe ulimwambia tamu. Na kule barabarani, dada yangu, kucheka ulicheka kutushinda sote. Usije kwangu kujisafishia."

Niliiacha glasi mezani nikatoka. Kinyaa nilichokuwa nimekishika kwa ajili yake kilitoka nami mlangoni, na hakikuwa na mtu mwingine wa kumwendea.

Jumapili nikapanda Kinole. Mama yako mkubwa alikuwa kibarazani anakwangua magome ya mdalasini. Amekonda, lakini macho ni yale yale. Nilimwamkia, akaitikia, akasema, "Wewe ndiye wa magazeti." Nikakaa chini nikamweleza yote: kitambaa, mgomba, baa, kicheko. Nilimweleza hata jinsi alivyoigizwa. Hakukiachia kisu.

"Kumwaga nilijua," akasema. "Ule mgomba siku ile ulijaa sisimizi mpaka jioni. Nikasema, sisimizi wa leo wamepata mwenyeji." Akacheka, Zuhura, akacheka kweli. "Togwa ni togwa, mwanangu. Ilimwagika, nikapika nyingine."

Nikataka kushukuru. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Ngoja. Kesho yake mwenzenu alirudi hapa peke yake. Hakula. Akafagia nyumba nzima, akafua mpaka mikeka niliyoinunua mpya. Ile kata akaisugua kwa mchanga mpaka ikapasuka. Namuuliza, mama, una nini? Hasemi. Mwezi uliofuata akaniletea vikombe sita vya dukani. Namuuliza, vya nani? Anasema vya wageni." Akalitazama gome la mdalasini mkononi mwake. "Wageni gani? Tangu siku hiyo hajaleta hata mmoja."

Nimesoma vitabu vingi juu ya aibu na juu ya dharau. Hakuna hata kimoja kilichowahi kunikalia kifuani kama vikombe hivyo sita. Nilidhani tulikuudhi. Kumbe tulikufanyia kitu kibaya zaidi: tulikupa macho yetu, ukaitazama kwa macho hayo nyumba iliyokulea, ukaanza kuisugua.

Nikamwomba namba yako.

"Ninayo," akasema. "Sikupi."

"Mama, nataka kumwomba radhi."

"Mlimcheka wapi?"

"Barabarani. Kwenye baa."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu."

"Basi kamwambie huko huko, mbele za watu. Usimletee radhi sikioni, kwa simu, mnong'ono, halafu kwenye gazeti ubaki mwema."

Basi nasema mbele za watu, na jina langu la gazetini lipo juu ya ukurasa huu kama kila wiki. Mimi ninayewafundisha wasomaji kujiheshimu nilimwaga kinywaji cha mama aliyenichinjia jogoo. Nilimwambia uongo usoni. Nilimcheka ili mtu aliyevaa vizuri anione ni mwenzake, na nilimcheka huku mwanawe anasikia. Nyumba ya mama yako mkubwa ilikuwa safi. Kata ilikuwa safi. Uchafu tuliupandisha sisi kwa gari, tukaushusha pale, tukakuachia uufue.

Sikuombi uje Morogoro, wala sikuombi zamu zirudi. Ukinichukia, umenichukia kwa haki, na barua hii haina ujanja wa kukugeuza. Kama umesoma mpaka hapa, naomba jambo moja tu, na si kwa ajili yangu. Yule mama bado anaviosha vile vikombe. Nimeviona vimefunikwa kwa kitambaa cheupe, vyote sita, havijawahi kutumika.

Mpelekee mgeni, Zuhura. Si lazima niwe mimi.

Ni mimi,
aliyekuwa shoga yako