Nilimwekea Baba Mkwe Linux Siku ya Posa

Shangazi Hyasinta, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijamkosa mchumba wangu Selestina, maana mimi ni kijana wa steshenari hapa Karatu mjini na nahubiri Linux, ule mfumo wa kompyuta usiolipiwa ambao yeyote anaruhusiwa kuufungua, kuutengeneza na kumgawia jirani, nimeusemea mnadani, nimeusemea kanisani wakati wa matangazo mpaka katekista akaninyang'anya kipaza sauti, na watu wananijibu, "Leonce, sisi tunataka kuchapa barua tu," basi siku ya posa tukaenda Endamarariek kwa baba yake Selestina, Mzee Qamara, mwalimu mstaafu, mshenga akaniambia nikae kimya, nikakaa, ila nilivaa fulana yenye yule ndege mnene wa Linux, mzee akauliza, "Huyu bata ni wa ukoo gani?" nikashindwa kujizuia nikaeleza, na wazee walipohamia kwenye mahari nikaona laptopu yake imejaa virusi, nikamwonea huruma, nikachomeka flashi, na kabla pombe haijazunguka mara ya pili nilikuwa nimefuta Windows yake ya kunakili na kumwekea Linux iwe zawadi ya mkwe. Picha zake zote nilizihifadhi, Shangazi, naapa.

Kumbe alikuwa na mchezo wake wa karata, anacheza kila jioni tangu astaafu, na sasa haupo. Amegoma kutaja siku ya harusi. Anasema, "Mkwe gani huyu, hajapewa binti ameshaanza kupangua nyumba?" Nikimrudishia Windows ya wizi nitakuwa mnafiki mbele ya wote niliowahubiria, nisipomrudishia sina mke. Hata Selestina, ambaye kompyuta yake nilishaiwekea Linux tangu Pasaka, hapokei simu zangu. Nifanyeje?

Leonce, Karatu

Marahaba, Leonce. Pole, na nimecheka, lakini sasa kaa nikuseme. Mshenga hupelekwa ili wewe utulie. Wewe mdomo ulikushinda, na ulipoufunga ukatuma mikono!

Linux siikatai. Mpwa wangu aliniwekea, na ndiyo ninayokujibia sasa, ila yeye aliniuliza kwanza. Unawatangazia watu uhuru, halafu unaingia nyumbani kwa mtu unamchagulia? Mzee Qamara hana ugomvi na programu yako. Ana ugomvi na mgeni aliyefuta kitu chake bila hata hodi.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Rudi na mshenga, vaa shati, yule bata abaki nyumbani. Omba radhi na usiongeze "lakini". Kisha mwulize anataka nini. Akitaka Windows, mnunulie ya halali, na mahubiri yako hayataharibika. Akikubali kuijaribu Linux, karata hata humo zipo. Kaa naye jioni, mwonyeshe polepole, na umwache akufunge.

Ila kabla ya yote hayo, nenda kwa Selestina. Barua yako nimeisoma mara mbili, nimeona ulivyombadilishia kompyuta, sijaona mahali ulipomwuliza. Mwulize leo kama anaitaka hiyo Linux, na kama bado anakutaka wewe.