Vibao Viwili Ulivyonitumia

Vidin, mwezi wa Machi

Dada yangu mpendwa Tsvetana,

Pokea salamu kutoka huku kwenye ukungu wa mto. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umepoa, na wale vikongwe unaowatunza huko Zaragoza hawakusumbui sana. Mimi mwili ni mzima, nashukuru. Baridi bado ipo, ila kuni zinatosha.

Najua umenuna. Ulininunulia vibao viwili vya kumbukumbu vya kompyuta, pacha kabisa, ukamkabidhi dereva wa basi anifikishie mkononi, ili tuonane vizuri tunapopigiana kwa video. Sasa mashine imepona na mimi sikupigii. Ngoja nikueleze, na usicheke kabla sijamaliza.

Niliifungua mwenyewe kwenye meza ya jikoni. Nilishika chuma kwanza kuondoa umeme wa mwilini, kama ulivyoniagiza. Ndani mlikuwa na kibao kimoja cha zamani, nawe ulisema nikitoe, niweke vyako viwili. Mkono ulikataa. Unakumbuka mama alivyotufokea tulipotaka kumpelekea mwalimu mawaridi manne, akauliza kama tunakwenda kumzika? Maua ya shufwa ni ya makaburini, aliye hai hupewa witiri. Basi nikakiacha kile cha zamani, vikawa vitatu, roho ikatulia. Kompyuta ndiyo haikutulia. Picha yako ikawa inaganda kuliko mwanzo, mdomo wazi, nami nikakwambia ni mtandao.

Mwishowe nilimwita Bilyana, yule binti anayeuza simu karibu na soko. Alipochungulia ndani alishika kichwa. Akaniuliza, “Mzee Ognyan, hii ni kompyuta au shada la maua?” Akanieleza kwamba vibao viwili vinavyofanana, vikikaa kwenye mifereji ya kuvichomekea yenye rangi moja, hufanya kazi sambamba kama njia mbili zilizofunguliwa pamoja. Mimi nilikuwa nimewachanganya na mzee wao, kile cha zamani, na wote wakalazimika kwenda mwendo wake. Nikamwambia viwili ni vya makaburini. Akajibu kwamba huko huko ndiko kompyuta yangu ilikokuwa inaelekea. Alikitoa cha zamani, akavibana vyako kwenye mifereji ya buluu mpaka vikalia ta!

Na kweli, dada, siku ile nilikuona. Niliona mvi zako juu ya sikio, nikafurahi mpaka nikataka kulia. Nawe ukasema unaniona mpaka shati langu, limekosa kifungo. Kisha ukasema nimwite wifi yako Nevena, naye umwone vizuri kwa mara ya kwanza. Picha ikakatika, nikakutumia ujumbe kwamba umeme umezimika.

Umeme haukuzimika. Nilikata mimi.

Nevena hayupo, dada. Aliondoka tangu vuli, tulipomaliza kukamua zabibu. Hatukugombana. Alisema amechoka kuishi na mtu asiyezungumza, akaenda kwa dada yake huko Burgas. Kila uliponiuliza nikakujibu yuko jikoni, ni mimi niliyekuwa nikinyoosha mkono pembeni, nikigonga kifuniko cha sufuria. Picha mbovu ilinisitiri. Ulikuwa ukimpigia kelele za salamu, ukimtania kuhusu chumvi yake nyingi, na kwa dakika zile nyumba hii ilikuwa na watu wawili. Usidhani ni kiburi tu, ingawa kiburi kipo. Niliona kwamba wewe ukishajua, nitakuwa peke yangu kweli.

Wasalimie vikongwe wako, na ujifunike vizuri usiku. Jumapili, watu wakishatoka kanisani, nitakupigia. Nakuomba usinipe pole na usimseme Nevena vibaya. Nisimulie chochote, hata habari za mvua ya huko, na ukiona nimenyamaza usikate. Nitakuwa nasikiliza.

Ni mimi mdogo wako,
Ognyan