Moto wa Baba Kiran

Jumatatu, 3 Machi
Asubuhi sokoni, kukagua vyoo. Vichafu, kama kawaida. Nimegombana na mlinzi. Kurudi kazini kwangu, bureau ya usafi ya mji, nimemkuta Kiran, muuza vipuri vya pikipiki, amekaa mlangoni. Baba yake alifariki jana hospitalini. Moyo. Wao ni Wahindu, wafu wao huchomwa. Zamani waliwapeleka Kampala, lakini barabara ya Kasindi, ya kwenda mpakani, imefungwa kwa sababu ya mashambulizi. Hapa Butembo hakuna mahali pa kuchomea, Beni pia hakuna. Sheria ya kuruhusu hakuna, ya kukataza hakuna. Meya ameniagiza niandike kanuni ya muda, upesi. Mimi, ambaye sijawahi kuona maiti ikichomwa.

Jumanne, 4 Machi
Paluku, tajiri wa matanuru ya matofali, kaja bila kuitwa. Yuko tayari kujenga tanuru la maiti, ila kibali kiwe chake peke yake, hapa na Beni, na achague mwenyewe nani wa kupokelewa. Nimekataa. Mahali pa wafu si depo ya bia. Akacheka: "Donc mama, umuchomee kwako mu cuisine." Jikoni kwangu! Hana haya.

Nimeandika: mahali pawe mali ya mji. Mfu asikataliwe kwa dini wala kwa umaskini. Majirani wakubali kwanza. Nimependekeza mwisho wa makaburi, upande wa Vulamba, anakokaa Kiran. Nimeridhika na kazi yangu.

Jumatano, 5 Machi. Siku ya Majivu
Mkutano na watu wa Vulamba. Wametoka misani moja kwa moja, majivu kwenye paji la uso. Nilijiandaa kujibu mambo ya dini. Hakuna aliyeuliza dini. Wameuliza Ebola. Bureau ya usafi ikichoma mtu, basi ugonjwa umerudi na serikali inaficha. Karatasi ya daktari, inayosema ni moyo, hawakutaka hata kuiona.

Mama Masika, muuza unga wa muhogo, alisimama: "Bwana yangu mulimutia mu sachet, sikumugusa hata mukono. Leo munachoma. Munaficha nini?"

Nilikuwa katika timu zile za mazishi ya Ebola, zilizofunga wafu kwenye mifuko ya plastiki. Anajua.

Wamekataa. Kwa kanuni yangu mwenyewe, basi, imekwisha. Kiran hakulia. Afadhali angelia.

Alhamisi, 6 Machi
Kiran amefanya jambo ambalo nisingethubutu kumshauri. Amemtoa baba yake mochwari, akamlaza barazani kwake, uso wazi, mikono wazi. Akakaa chini karibu naye. Anayetaka kuona, aone. Anayetaka kugusa, aguse.

Muda mrefu watu walisimama njiani tu. Kisha Masika akaingia. Akamtazama mzee. Akamshika mkono, akaushika sana. Akatoka. Nikadhani anakwenda kuita wengine waje kufanya fujo. Akarudi ameinama, kamba kwenye paji la uso, mzigo wa kuni mgongoni. Huku kwetu huendi kwenye kilio mikono mitupu, unaleta kuni za kuota moto. Wakafuata wengine. Hadi jioni rundo la kuni limefika dirishani.

Chef wa quartier, mkubwa wa mtaa, akanivuta pembeni: "Andika batu banakubali. Kuni ni zao, batamukatalia je?"

Nimeandika. Meya ametia sahihi. Naogopa bado.

Ijumaa, 7 Machi
Tumemchoma asubuhi, mwisho wa makaburi. Kiran ndiye aliyewasha. Kuni za mikaratusi, moto mzuri. Hakuna aliyeondoka kabla ya Kiran.

Nyumbani kwake, watu walipanga mstari kunawa, kama baada ya maziko yoyote. Kiran alimimina maji. Mimi nilibaki nyuma, karibu na ukuta. Wakati wa Ebola sisi wa timu tulinawa peke yetu, mbali, tukapanda gari. Hakuna aliyetumiminia.

Masika alichukua jagi mkononi mwa Kiran, akanifuata ukutani.

"Leta mikono."

Nikanawa.