Jina Chini ya Picha ya Kalenda

Mjukuu wangu Minza,

Sisi huku Geita wazima. Mbuzi kazaa mapacha, kikohozi cha babu yako kimepoa. Wewe unakula huko Dodoma? Usinifiche.

Umeuliza kama picha uliyoiona mtandaoni unaweza kuitia kwenye tangazo lako, maana hujamjua mwenye picha. Miaka ya tisini, Baba Salim wa duka la vitenge alipenda picha yangu nikianika dagaa kule Nkome ziwani, akataka aiweke kwenye kalenda ya duka. Nikamwambia, "Sura yangu, nimekubali. Chapa!"

Akacheka. "Sura yako, Mama Kulwa, lakini kaipiga Masanja."

Masanja, mpiga picha wa kutembeza, alishahamia Chato. Baba Salim, tajiri yule, akapanda basi kwenda kumwomba! Nami nikawaza: Masanja akikataa, kalendani simo.

Alikubali. Kalenda ilipotoka, mama yako Kulwa akanionyesha maandishi madogo chini ya sura yangu: Picha ya Masanja.

Basi mtafute aliyeipiga hiyo picha, umwombe. Akikataa, piga yako.

Kalenda bado iko ukutani. Siku zake zilishakwisha zote, ila jina la Masanja linasomeka.

Anayekuwaza kila saa,
Bibi yako