Nodi Niliyoizima kwa Makusudi

Arua, Alhamisi, saa kumi na moja jioni.

Mvua imekatika saa hizi tu. Barabara ya kushukia sokoni ni tope tupu, na ofisini nimebaki peke yangu na chai iliyopoa. Naandika haraka, kwa hiyo msinicheke mkikuta herufi zimerukwa.

Leo nimefanya kosa na mtu mwingine amelibeba. Ripoti inatakiwa kesho asubuhi. Nikiandika kile nilichomwambia mkuu wangu mchana, Mama Salama wa Koboko anapoteza kazi. Nikiandika ukweli, ni mimi.

Naandika hapa kwanza. Labda nitapata ujasiri.

Kwa wasiojua kazi yangu: natunza mfumo ambao wakunga wa zahanati za huku wanautumia kuita gari la wagonjwa. Mkunga anabonyeza simu yake, mfumo unatafuta gari lililo karibu, dereva anasikia mlio. Programu zenyewe zimefungwa kwenye vifurushi tunavyoviita kontena, nazo zinaishi kwenye mashine tatu. Moja iko hapa Arua, mbili ziko Koboko katika chumba kimoja. Kila mashine ni nodi, na zote pamoja ni klasta. Nodi moja ikifa, kontena zake zinahamia kwa wenzake na mkunga hajui lolote. Zikifa mbili, ile iliyobaki inagoma. Haijui kama wenzake wamekufa kweli au ni yenyewe iliyotengwa, kwa hiyo inaona bora inyamaze.

Ndivyo inavyotakiwa kuwa, kwenye karatasi. Utajuaje kama ni kweli? Unaiua nodi wewe mwenyewe, mchana kweupe, kazi ikiendelea, macho yako kwenye skrini. Nilikuwa nimefanya hivyo kwenye mashine za majaribio mara nyingi. Kila mara nilishinda, na kichwa kikavimba.

Candia, mkuu wangu, alikubali nijaribu kwenye klasta yenyewe kwa sharti moja tu.

"Kila mutu ajue," alisema. "Ya Arua na ya Koboko."

Nikasema sawa. Nikawaambia mafundi wenzangu wawili hapa ofisini. Mama Salama sikumwambia.

Mama Salama ndiye mwenye ufunguo wa chumba cha Koboko. Ni mama wa Kinubi, hukaa mlangoni akisuka makawa ya rangi ya kufunikia chakula, na humo ndani huingii bila kuvua viatu. Tuliwahi kugombana. Aliifunika mashine kwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe ili isiingie vumbi, ikapata joto, ikazima. Tangu siku hiyo nilimweka kwenye kundi la watu wasioelewa. Safari hii nikajiambia kwamba nikimweleza, atapiga simu kila dakika kuuliza kama mashine imepona.

Niseme tu kama ilivyo. Nilimdharau.

Saa nne na dakika kumi asubuhi nikatoa amri, na nodi moja ya Koboko ikazima. Nilikodolea skrini macho bila kupumua. Kontena zikahama moja baada ya nyingine, na kabla dakika haijaisha zote zilikuwa kijani. Nikapiga makofi peke yangu kama mwendawazimu. Nikamwandikia Candia, aliyekuwa kwenye kikao upande wa Dadamu: imekubali.

Kisha nodi ya pili ikapotea.

Nilidhani ni mtandao. Nikasubiri. Skrini yote ikawa nyekundu, na sikuwa nimegusa kitu. Ile ya kwanza niliyoizima haiwashwi kutoka Arua; lazima mtu wa Koboko abonyeze kitufe.

Jambo ninaloeleza sasa, mtu wa huku kwetu West Nile halihitaji. Umeme wetu ukikatika haurudi kwa adabu. Unarudi na nguvu, unaunguza redio, unaunguza friji, unaunguza chochote kilichochomekwa. Kwa hiyo taa moja ikizima, hasa mbingu zikinguruma, mkono wa mtu unakimbilia waya zote kuzichomoa. Mama yangu hufanya hivyo. Mimi mwenyewe nyumbani hufanya hivyo, pamoja na elimu yangu yote. Na asubuhi ya leo mawingu yalikuwa yameshaifunika Koboko.

Haya yote niliyafikiria baadaye. Wakati ule simu ya ofisi ililia, na alikuwa Sista Drateru, mkunga wa zahanati moja ya ndani huko Koboko.

"Madamu, hii kitu yenu iko nini? Nabonyeza, nabonyeza, inazunguka tu! Mama iko natoka damu, mutu nakufa hapa!"

Nikamwambia ampigie dereva moja kwa moja. Namba aliyokuwa nayo, iliyobandikwa ukutani, ni ya dereva aliyeacha kazi kitambo. Namba mpya ziko wapi?

Ndani ya mfumo.

Nikampigia Candia, simu yake ilikuwa imezimwa. Nikampigia Mama Salama, ikaita hadi ikakatika. Mara ya pili, vilevile. Mara ya tatu, vilevile. Nilijua mvua inapiga mabati huko na hasikii chochote, na bado nilimtukana kwa sauti, peke yangu, ofisini. Sista Drateru alikuwa bado kwenye ile simu nyingine. Hakuwa akiongea na mimi tena. Nilimsikia akimwambia yule mama asilale, asilale, amtazame yeye.

Mara ya nne Mama Salama akapokea.

"Mwanangu, usiogope," alisema kabla sijafungua mdomo. "Naona taa ya mashine moja imekufa, mvua nayo iko nakuja na radi. Natoa waya ya ile ingine mbio. Haiungui. Iko salama."

Sauti yake ilikuwa ya furaha. Alidhani ameniokolea mashine.

Nikampigia kelele aurudishe ule waya. Mama wa umri wa mama yangu, nilimpigia kelele kama mtoto aliyemwaga maziwa. Akaurudisha. Mashine ikachukua muda wake kuamka, na hakuna kitu unachoweza kufanya mashine inapoamka ila kungoja. Hatimaye zikawa nodi mbili, klasta ikakubali kufanya kazi, wito wa Sista Drateru ukapita na gari likatoka. Tangu abonyeze mara ya kwanza zilikuwa zimepita dakika kumi na tisa.

Yule mama yuko hai. Alifikishwa hospitali ya Koboko, akaongezewa damu. Sista alinithibitishia saa nane mchana, nami niliposikia nilikaa chini sakafuni nikalia.

Baada ya hapo Mama Salama akanipigia mwenyewe. Sista, aliyesikia kelele zangu kwenye ile simu nyingine, alikuwa amemweleza yaliyotokea.

"Mwanangu, sijui kama maisha ya mutu iko kwa hii waya," alisema. "Samahani sana. Nisamehe."

Nikamjibu: "Sawa, Mama. Usirudie tena."

Usirudie tena! Mimi, kumwambia yeye.

Candia alipotoka kikaoni akauliza kulikoni. Nikasema Koboko walichomoa waya. Hilo si uongo, na ndiyo maana lilinitoka kwa urahisi. Akauliza kama Mama Salama alikuwa na habari za jaribio. Nikasema watu wote walijua. Huo sasa ni uongo, nao pia ulinitoka kwa urahisi. Akasema basi, kesho ufunguo uchukuliwe, apewe mtu aliyesoma.

Nimeusoma tena mstari huo wa mwisho mara tatu. Naacha kuandika kwanza, nampigia.

*

Nimerudi. Saa kumi na mbili imepita.

Nilikuwa nimepanga maneno yangu, lakini Mama Salama hakunipa nafasi.

"Natoka hospitali sasa hivi," alisema. "Natoka kuona huyo mama. Namwambia ni mimi natoa waya. Namuomba msamaha."

Nilishika meza.

"Mama, si wewe," nikasema. "Ile taa ya kwanza haikufa yenyewe. Niliizima mimi, kutoka huku."

Nilisikia kuku wa watu huko kwake.

"Bahati mbaya?"

"Hapana. Kwa makusudi. Nilitaka kuona kama mfumo utavumilia. Na wewe sikukuambia."

Nilingoja anitukane. Ningepokea, tena ningepumua. Hakunitukana.

"Basi kesho kuja," akasema. "Ambia huyo mama wewe mwenyewe. Iko wadi ya wamama, kitanda ya pili toka mlango. Kuja mapema, mbele ya daktari kupita."

Akakata.

Ripoti nimeshaituma kwa Candia. Ni fupi, inasema hivi: Niliizima nodi, sikumjulisha Mama Salama, na mchana nilikudanganya. Ameisoma, hajajibu. Inawezekana kesho nikaamka sina kazi, na nitakuwa sina wa kumlalamikia.

Gari la kwanza la Koboko linaondoka alfajiri, nitapanda hilo. Candia ninaweza kumweleza habari za klasta hadi achoke. Yule mama wa kitanda cha pili ndiye anayenitisha. Nitamwambia nini? Kwamba nilizima mashine nione kitakachotokea, na kilichotokea ni yeye?